Lori la maharage likitoka Rubya, lori la samadi liingie

Biashara ya maharage mkoani Kagera huendeshwa kwa hesabu ya mistari mitatu: bei ya kununulia kijijini, gharama za gunia na lori, na bei ya kuuzia Bukoba mjini, Mwanza au ng'ambo ya mpaka wa Mutukula. Kinachobaki ndicho faida. Kwa msimu mmoja hesabu hiyo inatosha. Kwa misimu kumi inapotosha, kwa kuwa haina mstari wa udongo, na udongo ndio kiwanda kinachotengeneza bidhaa yenyewe.

Suala hili linawagusa wafanyabiashara na wenye mitaji midogo kwa njia mbili. Kwanza, shamba lililochoka hutoa maharage machache na yenye punje ndogo. Mnunuzi hulazimika kuzunguka vijiji vingi zaidi ili kujaza lori lile lile, na mafuta pamoja na siku za kulala njiani huimega faida kabla mzigo haujafika sokoni. Pili, katika Afrika ya Mashariki zipo bidhaa za pakiti zinazodaiwa kuwa na kuvu, yaani fangasi, wenye manufaa kwa mizizi ya mikunde. Mwenye duka la pembejeo anayeshawishiwa kuzijaza rafuni anapaswa kujua kwanza kuvu hizo ni kitu gani, zinaweza nini na haziwezi nini.

Mchuuzi wa chini ya ardhi

Kuvu zinazozungumzwa huitwa mikoriza. Jina hilo, lenye maana ya kuvu na mzizi, lilitolewa mwaka 1885 na mtaalamu wa Kijerumani, Albert Bernhard Frank. Mimea mingi ya nchi kavu huishi na kuvu za namna hii mizizini mwake. Maharage, njugu mawe, karanga, mahindi, muhogo, migomba na mibuni yote imo katika orodha hiyo. Kabichi na mazao ya ukoo wake hayamo.

Kazi yake ni rahisi kueleweka kwa mtu wa biashara. Fosforasi haitembei udongoni kama inavyotembea naitrojeni. Mzizi ukishamaliza fosforasi iliyo milimita chache kutoka kwake, hubaki na njaa hata kama shamba lina nyingine hatua moja mbele. Kuvu hutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikaenda sentimita kadhaa nje ya mzizi, zikapenya mahali ambapo mzizi hauwezi kupita, zikaleta fosforasi hiyo mlangoni. Mmea hulipa kwa sukari inayotengenezwa na majani. Wataalamu hukadiria malipo hayo kuwa kati ya asilimia 4 na 20 ya sukari yote. Huyo ni mchuuzi kamili: huenda mbali, huleta mzigo kidogo kidogo, na huchukua kamisheni yake.

Kwa mikunde biashara hiyo ina uzito zaidi, maana mikunde ina wabia wawili. Mbia wa pili ni bakteria wa rizobia, ambao hukaa katika vinundu vya mizizi na kukamata naitrojeni ya hewani. Kazi ya rizobia hutumia nguvu nyingi, na nguvu hiyo haipatikani bila fosforasi. Ndiyo maana mharage wenye njaa ya fosforasi huwa na vinundu vichache, majani yake hupauka, na mkulima hudhani kinachokosekana ni mbolea ya kukuzia. Kuvu zikileta fosforasi, rizobia hufanya kazi. Zisipoleta, wabia wote wawili hulala.

Hata hivyo, mchuuzi hawezi kuleta mali isiyokuwapo ghalani. Mikoriza haitengenezi fosforasi. Inaitoa mahali ilipo na kuileta kwenye mzizi. Shamba likivunwa kila msimu bila kurudishiwa kitu, kuvu hodari zitasaidia tu kumaliza akiba iliyobaki. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kibanja na rweya

Watu wa Rubya, na wa Buhaya kwa jumla, hawahitaji kufundishwa upya thamani ya mboji. Eneo hili liko katika ukanda wa mvua nyingi wa magharibi mwa Ziwa Viktoria. Karibu na Bukoba mvua hufika milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Mvua hiyo imeosha udongo kwa maelfu ya miaka, ikauacha na asidi, na fosforasi iliyomo imeshikwa na chuma na aluminiamu kiasi kwamba mmea huipata kwa shida.

Juu ya udongo huo dhaifu wazee walijenga kibanja. Migomba, kahawa, maharage na mahindi viliota pamoja kuzunguka nyumba, navyo vililishwa kwa samadi, majivu, maganda ya ndizi, taka za jikoni na nyasi za kutandaza. Nje ya kibanja kulikuwa na rweya, nyika ya nyasi, ambako ng'ombe walichunga na njugu mawe zililimwa kisha shamba likapumzishwa kwa miaka. Ng'ombe walikula rweya mchana na kulala nyumbani usiku, na kwa njia hiyo rutuba ya rweya ilihamia kibanjani kwa miguu yao wenyewe. Rutuba ya kibanja, kwa maneno mengine, ni mtaji uliowekwa na mikono ya watu, kizazi baada ya kizazi.

Mtambo huo umepungua nguvu. Watu wameongezeka, vibanja vimegawanywa kwa urithi, sehemu za rweya zimegeuzwa mashamba ya kudumu au zimepandwa miti, na kaya nyingi hazina ng'ombe. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulioripotiwa Muleba mwaka 2006 uliongeza pigo, kwa kuwa mgomba uliokufa hautoi kivuli, chakula wala matandazo. Mtafiti Frederick Baijukya alilishughulikia tatizo hili la mashamba ya migomba ya kaskazini magharibi mwa Tanzania katika tasnifu yake ya mwaka 2004 ya Chuo Kikuu cha Wageningen. Humo aliangalia iwapo mikunde ya kurutubisha ardhi ingeweza kuziba pengo lililoachwa na samadi. Mikunde ya aina hiyo, kama mukuna, tefrosia na krotalaria, huota haraka na kuacha majani mengi. Tatizo lake ni lile lile la uhaba wa ardhi: mwenye robo eka hawezi kulima zao lisiloliwa wala kuuzwa kwa msimu mzima, hata likiwa na faida kesho.

Daftari la lori moja

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ifanywe basi hesabu ya lori moja la tani 10 za maharage makavu, sawa na magunia 100 ya kilo 100. Kwa viwango vya kawaida vya zao hili, mzigo huo huwa na takriban kilo 350 za naitrojeni, kilo 40 za fosforasi na kilo 140 za potasiamu.

Sehemu ya naitrojeni hiyo ilitoka hewani kwa kazi ya rizobia, na hiyo ndiyo zawadi ya mikunde. Lakini fosforasi na potasiamu zote zimetoka ardhini. Kurudisha kilo 40 za fosforasi kunahitaji mifuko 4 ya DAP ya kilo 50, au zaidi kidogo ya mifuko 6 ya unga wa mawe ya fosfati ya Minjingu wenye asilimia 29 hivi ya fosfati. Kwa samadi nzuri ya ng'ombe iliyokauka, ambayo huwa na kama kilo 4 za fosforasi kwa tani, inahitajika tani 10. Yaani lori moja la samadi kwa kila lori la maharage.

Uwiano huo ni rahisi kukumbuka, na unafaa kubandikwa ukutani mwa kila ghala la nafaka wilayani Muleba. Mfanyabiashara anayetoa malori 5 kwa msimu bila hata moja kurudi na kitu anauza maharage pamoja na shamba, ingawa bei aliyolipa ilikuwa ya maharage peke yake.

Ipo pia hasara isiyotajwa mara kwa mara, nayo inahusu kahawa. Robusta ya Kagera huuzwa na wakulima wengi ikiwa ya maganda, kisha hukobolewa viwandani. Karibu nusu ya uzito wa mzigo huo ni maganda matupu. Maganda hayo yana potasiamu nyingi na mabaki ya mimea ambayo kibanja kinayahitaji, lakini yakishafika kiwandani, njia ya kurudi kijijini ni ndefu. Lori linalopeleka mzigo mjini na kurudi tupu au nusu tupu ndiyo nafasi ya biashara. Maganda hayana fosforasi nyingi, na yakitiwa mabichi shambani huweza kunyang'anya mimea naitrojeni wakati yanaoza. Yanafaa kuozeshwa kwanza pamoja na samadi kwa miezi kadhaa, au kutandazwa juu bila kufukiwa.

Kuvu hazili samadi

Hapa kuna kosa ambalo wauzaji wengine hulifanya kwa kujua au kutojua. Husemwa kwamba samadi ni chakula cha kuvu. Mikoriza ya maharage haiishi kwa samadi. Chakula chake ni sukari ya mzizi ulio hai, na pasipo mzizi hufa au hubaki kama mbegu zikisubiri.

Faida ya samadi na mboji hupitia njia nyingine. Mboji huufanya udongo ushike maji na kuwa na matundu ambamo nyuzi hupita. Hupunguza sumu ya aluminiamu katika udongo wenye asidi. Viumbe wengine wanapoiozesha hutoa fosforasi polepole, na nyuzi za kuvu huichukua kabla haijashikwa tena na chuma. Mboji huleta mali sokoni, kuvu huifikisha kwa mnunuzi. Kimoja bila kingine hutoa faida ndogo.

Kutokana na hayo, mambo yanayolinda kuvu za shambani yanajulikana na mengi hayana gharama ya fedha. Rweya isichomwe moto kila mwaka. Udongo usigeuzwegeuzwe bila sababu, kwa kuwa jembe hukata nyuzi. Shamba lisiachwe tupu kwa muda mrefu, na baada ya kabichi lipandwe zao linalokaa na kuvu. Dawa za ukungu zisimwagwe ovyo ardhini. Fosfati ya madukani itumike kwa kiasi, maana mmea ukipata fosforasi nyingi ya mkato huacha kumlipa mchuuzi wake, na kuvu hupungua mizizini. Mkulima wa kibanja chenye migomba na kahawa ana bahati: mizizi hiyo iko hai mwaka mzima, na mharage unaopandwa chini yake huweza kukuta mtandao wa kuvu umekwisha kufumwa.

Pakiti ziuzwe au zisiuzwe?

Swali la wenye maduka ya pembejeo ni halali. Jibu linategemea pakiti ina nini ndani.

Chanjo ya rizobia ina ushahidi mzuri, hasa kwa soya. Zao hilo ni geni na mara nyingi udongo wa Afrika hauna bakteria wanaolifaa, hivyo mbegu iliyochanjwa huonyesha tofauti ambayo mkulima anaiona kwa macho. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009 na ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zake, ulijengwa juu ya hoja hiyo: mbegu bora, chanjo na fosfati viende pamoja. Kwa maharage ya kawaida matokeo hayatabiriki vivyo hivyo, kwa kuwa udongo tayari una rizobia wa kienyeji wengi, wengine wavivu, wanaowahi nafasi mizizini.

Pakiti za mikoriza ni hadithi tofauti. Kuvu hizi hazikui bila mzizi hai, kwa hiyo kuzizalisha kwa wingi ni kazi ngumu, na kuzihifadhi katika joto la duka la kijijini ni ngumu zaidi. Mradi wa COMPRO, ulioanza mwaka 2009 kwa lengo la kupima bidhaa za namna hii zinazouzwa barani Afrika, uliweka wazi kwamba ubora wake hutofautiana mno na kwamba baadhi hazina kile kilichoandikwa nje. Aidha, hata pakiti nzuri ikitiwa kwenye udongo wenye kuvu wake wa asili huweza isiongeze hata debe moja.

Kuna wanaotetea pakiti kwa hoja kwamba samadi ni nzito, haba na huchelewa, ilhali pakiti hubebwa kwa baiskeli. Hoja hiyo ina ukweli wake. Tani 10 za samadi si mzigo wa mchezo katika barabara za milima ya Muleba, na asiye na ng'ombe hawezi kuambiwa tu aitafute. Lakini wepesi wa pakiti ndio unaoonyesha mpaka wake. Gramu mia chache za unga haziwezi kuwa na kilo 40 za fosforasi. Zinaweza, zikiwa hai, kusaidia mmea kuipata fosforasi iliyopo. Hesabu ya lori haifutwi na pakiti.

Vivyo hivyo, samadi na nyasi za rweya peke yake si jibu la kudumu. Nyasi zinazokatwa rweya na kutandazwa kibanjani huhamisha rutuba kutoka mfuko wa kushoto kwenda mfuko wa kulia. Wilaya inayouza maharage nje ya mipaka yake inahitaji fosforasi mpya kutoka nje. Kwa udongo wa asidi kama wa Rubya, fosfati ya Minjingu inastahili kuangaliwa kwanza, kwa kuwa asidi yenyewe huiyeyusha taratibu, na mwendo huo wa taratibu hauwafukuzi kuvu kama fosfati inayoyeyuka mara moja. Ikichanganywa na mboji, kilo chache hufika mbali.

Ushauri kwa mwenye mtaji

Anayenunua maharage abadili namna ya kutoa karadha. Fedha taslimu inayotolewa kabla ya mavuno mara nyingi huishia kwenye ada na matibabu, kwa haki kabisa, na shamba hubaki lilivyo. Sehemu ya karadha hiyo ikitolewa kama fosfati, mbegu safi na samadi iliyofikishwa shambani, mkopeshaji anaongeza uwezekano wa kulipwa, maana anakopesha kwenye mazao yenyewe. Bei ya vitu hivyo iandikwe wazi na kukubaliwa mbele ya mashahidi, na maharage yapimwe kwa mizani. Mkulima anayepunjwa kwa lumbesa hana sababu ya kuwekeza kwenye udongo kwa ajili ya mnunuzi.

Mwenye lori aweke bei ya mzigo wa kurudi. Maganda ya kahawa, samadi kutoka kwa wafugaji na pumba zilizoharibika ni bidhaa zenye wanunuzi, mradi kuna mtu wa kuzikusanya na kuziozesha. Mtaji wa kuanzia ni eneo la wazi, koleo, turubai na uvumilivu wa miezi mitatu au minne. Taasisi zilizopo Rubya, zikiwamo hospitali na seminari, ni walaji wa uhakika wa maharage, na muuzaji wa mboji akiwapata wakulima wanaoziuzia taasisi hizo amepata wateja wanaolipwa kwa wakati unaojulikana.

Mwenye duka asinunue katoni za mikoriza kabla ya mambo mawili. La kwanza ni usajili: chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, mbolea haiuzwi Tanzania bila kusajiliwa, na msimamizi ni Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Muuzaji wa jumla asiyeonyesha karatasi aondoke na mzigo wake. La pili ni jaribio, ambalo halihitaji maabara. Achukue pakiti moja, nusu aichemshe kwa maji ili kuua kilicho hai, nusu aiache. Apande matuta ya mbegu moja, siku moja, katika udongo mmoja: mengine yenye unga mzima, mengine yenye unga uliochemshwa, mengine yasiyo na kitu, na mengine yenye mboji pekee. Arudie mara tatu au nne ili tuta moja lenye bahati lisimdanganye. Mwisho apime punje kavu kwa mizani. Ikiwa unga mzima na uliochemshwa vimelingana, basi kilichosaidia, kama kipo, ni kitu kilichomo ndani ya unga wala si kuvu, na kitu hicho huenda kinapatikana kwa bei nafuu zaidi kwenye banda la ng'ombe.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku kiko katika mkoa huo huo, na kile cha Mlingano, Tanga, ndicho mabingwa wa udongo. Kikundi cha wafanyabiashara kinachochangia gharama ya kupima udongo wa vijiji kinakonunua hakifanyi hisani. Kinakagua ghala lake kabla ya kutia saini.

Kwa msimu wa vuli, uamuzi huu hufanywa kabla ya mvua za Septemba, wakati mboji bado inaweza kufikishwa shambani na barabara bado ni kavu. Baada ya hapo kinachobaki ni kusubiri mavuno na kulalamikia punje. Maharage ya Rubya yataendelea kupata soko, kwa kuwa watu lazima wale. Litakalopungua, pasipo malori ya kurudi, ni idadi ya magunia kwa kila kijiji, na mnunuzi wa kwanza kuligundua hilo ndiye atakayekuwa na sababu ya kwanza ya kulirekebisha.